Barabara Ilipohamia kwa Jirani

Kiwanja chetu tuliuziwa na mama mmoja wa Kimakonde, mjane, aliyekuwa na shamba la mikorosho nje kidogo ya mji wa Mtwara, kwenye kona kali ya barabara ya kwenda Lindi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimehamishwa kutoka Njombe, na mume wangu alikuwa karani bandarini. Tulikuwa tumepanga Magomeni ya palepale mjini Mtwara, chumba na sebule, na masika maji yalikuwa yakituingilia hadi chini ya kitanda. Mwalimu mwenzangu aliposema kuna mama anauza kipande cha ardhi, tulikwenda kukiona Jumapili hiyohiyo, tukitoka kanisani.

Yule mama alitueleza kabla hatujauliza.

"Huku juu nabaki nako mie, pakavu," alisema. "Huko bondeni udongo wake mweusi, masika unang'ang'ania miguu. Ntu akijenga huko ainue msingi. Nawaambia mapema, msije mkasema mama yule katuficha."

Tulichukua bondeni kwa sababu ndiko tulikokuwa na uwezo nako. Mume wangu akainua msingi kama alivyoambiwa, na ndani ya mwaka mmoja na nusu tukawa tumehamia, madirisha mawili yakiwa bado yamezibwa na mbao. Kati ya nyumba yetu na yake palikuwa na njia ya miguu tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika kisamvu cha huku. Mimi niliandika barua zake kwa binti yake aliyeolewa Nachingwea, naye akanibebea watoto mgongoni nilipochelewa shuleni. Nilimwita mama, yeye akaniita Mwalimu, hata siku aliponigombeza kwa kuacha nguo kwenye kamba mvua inanyesha.

Habari za barabara tulikuwa tukizisikia tangu tulipofika Mtwara, na hakuna aliyezitilia maanani. Lami ya zamani ilikuwa imebaki vipande vipande kama ukoko wa sufuria. Tulisikia kuwa itajengwa upya, pana, hadi Dar es Salaam, ipite Lindi, ivuke Rufiji, ipite Pwani. Watu walicheka. Halafu mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, wapimaji wakaja kweli, na darubini yao ya miguu mitatu, wakaanza kupigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani.

Kona yetu ilikuwa mbaya. Malori yalikwishapinduka pale. Wakaamua kuikata, barabara inyooke, na mstari wao ukapita bondeni. Kigingi kimoja walikipigilia hatua chache kutoka jikoni kwangu. Jioni nilipotoka shuleni nikakuta ukutani wamepiga alama ya X, kubwa, na rangi imechuruzika hadi kwenye msingi.

Nililia siku ile. Mume wangu alikwenda kukaa chini ya dirisha mojawapo la yale ya mbao ambayo hatukuwa tumeyamaliza. Yule mama ndiye aliyevuka njia na kuja.

"Fidia watawapa, mtajenga pengine," alisema. "Na mpaka mjenge, mtakaa kwangu. Nina vyumba vitatu na niko peke yangu. Leteni vitu kidogo kidogo, msingoje greda lije likute kabati ndani."

Ndivyo tulivyofanya. Tulibeba kabati la vyombo, cherehani yangu, magodoro ya watoto, kitanda kikubwa tulichokichongesha kwa seremala wa mtaa wa Rahaleo baada ya kujinyima sana. Alitupa chumba cha mbele, chenye hewa. Yeye akahamia cha nyuma, na nilipokataa akasema mzee kulala nyuma ndiyo salama yake, anasikia mwizi kwanza. Tukawa tunapika kwetu na kulala kwake.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa mhandisi kutoka India, mtu mzima mwembamba, aliyejifunza Kiswahili Dar es Salaam na kukizungumza polepole. Alizoea kusimama kwetu kuomba maji ya kunywa. Alituambia kuwa huko kwao alifanya kazi miaka mingi kwenye barabara moja ndefu iliyokatiza majimbo kadhaa, na kila walipoingia jimbo jingine ilibidi watafute mkalimani mwingine, maana lugha ilibadilika. Alipenda kuwaonyesha watoto wangu kwa kijiti, mchangani, jinsi barabara inavyochorwa kabla haijakuwepo.

Mchana mmoja alikuja na mtendaji wa kata. Mimi na yule mama tulikuwa tumekaa kibarazani kwangu tukimenya muhogo, beseni katikati yetu. Mhandisi hakuketi.

"Tumechimba mashimo ya kupima huku chini," alisema. "Udongo si mzuri. Unavimba ukipata maji, unapasuka ukikauka. Barabara ikipita hapa itaharibika haraka. Tumerudi ofisini, tumehesabu upya. Mstari unapanda juu."

"Juu wapi?" niliuliza.

Akaonyesha kwa mkono mzima. Nyumba ya yule mama, na mikorosho nyuma yake.

Kabla sijafikiri lolote, mdomo wangu ulikwishasema, "Asante Yesu!" Nilisema kwa nguvu, na mikono nikaiinua, nayo ina majimaji ya muhogo. Nilikuwa nacheka. Sijui nilicheka muda gani. Nilipogeuka nilimwona yule mama amekaa vilevile, kisu kimesimama katikati ya muhogo, ananitazama. Hakuwa na uso wa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusikia vizuri.

Kisha akamaliza kuumenya ule muhogo, akauweka ndani ya beseni, akasimama. "Haya," akasema, akavuka njia, akaenda kwake.

Mume wangu aliporudi nilimweleza. Akauliza, "Vitu vyetu je?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Vitu vyetu vyote vilikuwa ndani ya nyumba inayovunjwa. Usiku ule tulilala kwake kama kawaida, na sijapata kulala vibaya namna ile. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha naye, na nilimsikia akigeuka kitandani. Asubuhi tulianza kuhamisha. Tulijaribu kufanya taratibu, lakini kitanda kikubwa hakina namna ya kubebwa taratibu. Kilikwama mlangoni, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kutuonyesha.

"Lazeni ubavu," alisema. "Hivyo. Sasa inueni huo mguu."

Akashika upande mmoja, akatusaidia kukitoa nje. Tulivuka na kitanda chetu, tukarudi kuchukua cherehani.

Siku chache baadaye nilikwenda kwenye kambi ya wajenzi kumwona mhandisi. Nilimwambia yule mama ni mjane, mikorosho ile ndiyo maisha yake, nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe. Nikamuuliza kama mstari hauwezi kurudi bondeni, wakatia kifusi kingi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," alisema, "kule kwetu, jimbo hata jimbo, watu walinijia na swali moja: kwa nini isipite kwa jirani? Wewe ni wa kwanza kuniomba ipite kwako."

Alisema kwa heshima, kama ananisifu. Nilitamani ardhi ipasuke, kwa sababu wakati nikimwomba, nilikuwa nikiogopa asije akakubali. Aliposema haiwezekani, kwamba michoro ilikwishapitishwa, nilihisi mabega yananishuka kwa nafuu. Nilimshukuru, nikatembea kurudi nyumbani, na yule mama nilimwambia kuwa nimekwenda kumwombea.

"Nimesikia," alisema. "Ahsante."

Mikorosho ilikatwa ikiwa na maua. Nyumba ilianguka asubuhi, watoto wangu wakiwa shuleni, nami nikiwa darasani nikifundisha hesabu, nikilisikia katapila toka mbali au nikidhani nalisikia. Nilikuwa nimemwomba akae kwetu hadi atakapopata pa kujenga, naye alikubali, jambo ambalo sikulitegemea. Tulimpa chumba cha mbele. Nililitaka sana jambo lile, na lilipotokea likawa gumu kulivumilia. Aliamka kabla yetu, akafagia uwanja wetu hadi mwisho, kisha akasimama na ufagio akitazama wanavyomwaga kifusi. Alikula kidogo. Alisifu kila nilichopika. Nilianza kuchelewa makusudi kurudi kutoka shuleni, nikisahihisha madaftari ambayo yangeweza kungoja.

Halafu akapata kazi. Walikuwa wakitafuta kina mama wa kushika bendera pale magari yalipopishana kwenye njia ya mchepuko, nyekundu ya kusimamisha na kijani ya kuruhusu. Alikwenda mwenyewe kuomba. Walimpa koti la rangi ya chungwa lililomfika magotini, wakamweka palepale penye kona.

Asubuhi ya kwanza nilitoka na baiskeli yangu kwenda shule, nikamkuta amesimama, bendera nyekundu imenyooshwa mbele yangu.

"Simama, Mwalimu. Lori linakuja."

Nikasimama. Tulingoja. Vumbi la lori lilipotulia akaangalia chini miguuni pake, akasogea kidogo kushoto.

"Hapa ndipo yalipokuwa mafiga," alisema. "Nimesimama jikoni kwangu."

Akacheka kwa dhati, kicheko kile nilichokijua. Mimi sikuweza. Nilisema, "Mama, nisamehe."

Kicheko kikakoma. "Nikusamehe nini? Uliwaambia waje?"

"Nilicheka siku ile."

Aliitazama barabara upande wa pili, kama gari linakuja, na halikuwepo.

"Ulicheka," alisema. "Nilikasirika. Nililala na hasira yangu siku nyingi, nakwambia kweli. Nikajiuliza, na mie? Walipopiga X kwako, nilivuka kuja kukupa pole. Njiani nikisema alhamdulillahi. Tofauti mie nilisema moyoni." Akainua bendera ya kijani. "Pita, utachelewa."

Ningetaka kusema kwamba maneno yale yaliniondolea mzigo. Hayakuniondolea. Nilikanyaga baiskeli hadi shuleni nikiwa na hasira naye, na baadaye nikaona aibu kwa hasira ile. Yeye aliushusha mzigo wake kwa maneno mawili barabarani, mimi nikabaki na wangu.

Wajenzi waliposogea mbele kuelekea Mingoyo, yeye hakuwafuata. Alihamia Nanyamba, kwa kaka yake, akapata kipande cha shamba. Sisi tulibaki. Lami ilipolazwa, nyumba yetu, iliyokuwa bondeni kusikotakiwa na mtu, ikawa mbele ya barabara kuu. Mume wangu akajenga fremu mbili, moja akaweka duka, nyingine akapangisha fundi wa redio. Watu waliopita walidhani tulikuwa na akili ya kuona mbali. Mmoja aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini tulimjua nani ofisini. Nilimwapia kuwa hatukumjua mtu, na nilipokuwa nikiapa nilijisikia kama mwongo.

Kabla ya kwenda Nanyamba mara ya kwanza nilipitisha mwaka mzima nikiahirisha. Alinipokea vizuri, akanichinjia kuku. Tulipokwisha kula akauliza, "Mwalimu, hivi barabara ile inaishia wapi?"

"Dar es Salaam."

"Umewahi kuiona mpaka mwisho?"

"Nimeiona, nikienda kwetu Njombe."

"Basi na mie nipeleke. Imechukua nyumba yangu, siijui hata inakokwenda."

Likizo ya Desemba tulipanda basi, mimi na yeye. Alikaa dirishani. Hakulala hata kidogo. Aliuliza kila mahali panaitwaje, na kila alipoona ukuta uliokatwa nusu au msingi wa nyumba umebaki peke yake kando ya lami, alinigusa goti bila kusema. Nami niliviona kwa mara ya kwanza, ingawa nilikwishapita njia ile mara nyingi. Baada ya Somanga lami iliisha, tukaingia kwenye kipande ambacho kilikuwa bado hakijajengwa, basi likayumba na vumbi likaingia mpaka mdomoni.

"Kumbe hawajamaliza!" akasema, na nikaona imemfurahisha. Alijifunika khanga puani, akaendelea kutazama nje.

Kwenye daraja la Rufiji alisimama ili aone maji pande zote mbili, kondakta akamwambia aketi, hakuketi. Tulishuka Mbagala jioni. Alitazama magari, watu, maduka, taa, akashika mkono wangu.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa, mama. Ila inaendelea. Inakwenda Morogoro, Iringa, mpaka kwetu."

"Imenyooka vizuri," alisema. "Yule Mhindi aliijua kazi yake."

Tulilala kwa shemeji yangu, na kesho yake akanunua sufuria moja kubwa, akasema ameridhika, turudi.

Tangu hapo nimekuwa nikienda kumtembelea kila nipatapo nafasi. Safari moja, nikiwa nimeshuka na kikapu kizito, alinisimamisha mlangoni.

"Mwalimu, ukija hapa njoo tukae. Usije kwa jambo lile."

"Siji kwa jambo lile, mama."

Akachungulia kikapu. "Sukari tena. Na mchele, na sabuni. Mjini mna duka au mna ghala?"

Alinitazama kidogo, akasogea pembeni ili nipite.

"Haya, weka pale ndani," alisema, "uje unisaidie kubangua korosho."