Sweta Ndani ya Ngoma Kubwa

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Kiptere, kwenye varanda ya nyumba yetu, msimu wa mvua nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Baba aliketi kwenye kigoda akisugua kutu kwenye stendi ya toazi kwa kitambaa kilicholowa mafuta hayo, nami nilishika kopo la skrubu. Mama alikuwa amezikwa wiki tatu kabla, upande wa chini wa shamba letu la chai. Sikuwa nimelia. Watu walinitazama wakingoja, nami nilingoja pamoja nao, lakini hakuna kilichokuja. Nilikula, nikafua sare, nikaenda shule. Nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, na haikunisumbua sana.

Ngoma zilikuwa zangu. Mwaka uliotangulia baba alininunulia seti ya wanaoanza, ngozi zake plastiki nyembamba, toazi lake likilia kama kifuniko cha sufuria; mama ndiye aliyesema hivyo, akicheka hadi akashika mbavu. Baada ya mazishi, baba, mzee wa kanisa asiye na maneno mengi, aliamua kuiboresha. Kanisa moja la Mulot lilikuwa limepata ngoma mpya na likawa linauza zile kuukuu kipande kipande, basi kila siku ya soko alirudi na kitu: toazi lenye ufa mdogo ukingoni, pedali iliyofungwa kwa waya, na mwishowe ngoma kubwa ya mguu, rangi yake imebanduka. Nadhani alihitaji tu kitu cha kufanya na mikono yake.

Ngoma ile ilivuma mno. Pigo moja lilizunguka nyumba nzima na halikutaka kuisha. Aliyeiuza alikuwa amesema iwekwe nguo ndani ili mvumo upungue. "Tafuta kitu cha zamani tuweke," baba aliniambia. Nikaleta sweta ya mama ya kijani, aliyovaa akichuma chai, mikono imegeuka kahawia kwa utomvu, ikinuka moshi na majani mabichi. Nilijua nilichokuwa nikifanya. Jumamosi ile shangazi Rael, dada ya baba, angekuja na jamaa kugawa nguo za marehemu, na kila nguo ingepata mwenyewe. Baba aliishika kwa muda. Kisha akaikunja, akaiweka ndani, akarudisha ngozi na kukaza skrubu zote nane.

Shangazi alipekua sanduku la mama mara mbili. "Na ile sweta ya kijani iko wapi? Mimi ndiye nilimfumia hiyo. Cherono, umeiona?"

"Sijaiona, Senge," nilimjibu, kwa jina la heshima tunalowaita shangazi zetu.

Akamgeukia baba. Baba alitazama viatu vyake. "Hiyo ilizeeka," akasema. Shangazi hakubishana. Aliniambia nipige ngoma kidogo, labda kwa kunionea huruma, nami nikakanyaga pedali. Sauti ilitoka fupi na nzito, kama gunia la majani chai likitupwa chini. Shangazi akajifunika uso kwa leso, akalia. Mimi niliendelea kuhesabu mapigo, nikiogopa tu asije akauliza mle ndani mna nini.

Leo nimeupita umri aliokufa nao mama. Shangazi naye ametutoka, na sikuwahi kumwambia. Hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia. Binti yangu anajifunzia ngoma zile zile. Yeye huchagua kwenye simu, kwa picha, vifaa vilivyokwisha kutumika, na bodaboda huvileta hadi mlangoni. Desemba iliyopita alifungua ngoma kubwa aibadilishe ngozi, akaitoa sweta na kuniuliza ni ya nani. Nikainusa. Chai hakuna, moshi hakuna, ni vumbi tu. Alipomaliza kufunga ngozi mpya alipiga pigo moja, na nyumba yote ikavuma.

Baba alikuwa nje akiota jua. Siku hizi unamwita anywe chai mara tatu hasikii. Alikuja polepole na mkongojo wake, akasimama mlangoni.

"Hiyo mmeitoa," akasema.

Tukafungua tena. Niliikunja sweta, nikairudisha ndani, nikaanza kukaza. Hata hapo sikulia, lakini nilikaza skrubu sita nikashindwa kuendelea, na mbili za mwisho zilikazwa na baba.