Vidole Vinne kwa Swali la Alama Ishirini

Nimewahi kuvunjwa vidole vinne kwa sababu ya swali la alama ishirini.

Sitii chumvi. Vidole vinne vya mkono wa kulia, saa tano asubuhi, ndani ya maktaba, mbele ya watu sitini waliokuwa wanasoma habari za jamii. Hakuna aliyeinua kichwa mpaka kidole cha tatu.

Tulia nikupe mkasa.

Naitwa Ompal, mtu wa jimbo la Haryana, India. Wakati huo nilikuwa Delhi, mtaa wa Mukherjee Nagar, mwaka wa sita najiandaa na mtihani wa utumishi wa umma. Somo langu la kuchagua lilikuwa sosholojia. Jaribio lilikuwa la mwisho. Nikianguka, narudi kijijini kukamua nyati.

Mwalimu wetu, Madam Lalitha, alikuwa na wimbo mmoja tu. "Nadharia kila mtu anayo. Nipeni mfano hai!"

Siku hiyo swali la mazoezi likawa: ukoo unavyotawala ndoa. Kalamu ikaenda yenyewe.

Nikaandika habari za binti B., miaka kumi na tisa, aliyetoroka na kijana K. wa kijiji cha jirani. Ukoo wao mmoja, na kwetu wa ukoo mmoja ni kaka na dada hata kama hawajawahi kuonana. Wakajificha shambani, kwenye kibanda cha pampu ya maji. Mtoto mmoja wa nyumba ya kina B., miaka kumi na miwili, akawaonyesha wanaume wa ukoo walipojificha wale wawili.

K. akapigwa kwa mpini wa jembe mpaka akaacha kulia, akatupwa kwenye mfereji mkubwa. B. akanyongwa kwa mtandio wake mwenyewe, wa njano, na ncha moja aliishika baba yake. Akachomwa kabla hakujapambazuka. Watu wakaambiwa ni homa.

Majina nikayaficha kwa herufi. Nikajiona mjanja.

Halafu nikachora mchoro wa ukoo, maana mchoro unaongeza alama. Pembetatu ni mwanaume, duara ni mwanamke, aliyekufa anakatwa mstari, na yule ambaye undugu wa wengine wote unahesabiwa kuanzia kwake anapakwa wino mweusi. Mkono umeshazoea. Sikukosea popote.

Kumi na tatu kati ya ishirini! Darasani hakuna aliyewahi kuzipata. Pembeni Madam akaandika: "Mfano bora kabisa. Hitimisho dhaifu." Akalisoma jibu mbele ya wote, na wiki haikuisha kabla halijafika kila duka la fotokopi pale mtaani. Kisha likarushwa Telegram.

Mpumbavu mimi nikavimba kichwa.

Baada ya hapo nikapata mwenzangu wa chumba, Nihal, naye wa sosholojia. Alisema ametokea mji wa Rohtak. Mpole, anapika, ana kisu chake kikali tulichokatia vitunguu. Jioni tulisahihishiana majibu.

Siku moja akaniuliza, "Kaka Ompal, huyo mtoto aliyewataja wale wawili, alikuja kuwa nani?"

"Nitajuaje? Ni mfano tu, bwana."

Akaendelea kumenya viazi.

Siku kumi na tisa kabla ya mtihani, Dharmbir akaingia maktaba.

Dharmbir ni mtoto wa baba mkubwa. Huyo B. alikuwa dada yake, Bimlesh. Alikuja na wenzake wawili na fimbo ya mpira wa magongo.

"Karani wa ukoo!" Akanikaba shingo. "Kumbe unatuhesabu? Ndugu wanne, mmoja mgumba, shangazi mmoja kaolewa ng'ambo ya mfereji. Ulidhani kijijini hatujui kusoma?"

"Dharmbir, sijataja jina la mtu..."

"Umechora nyumba yetu nzima, mjinga wewe!"

Fimbo ya kwanza ikaondoka na meno mawili. Wenzake wakanilaza juu ya meza, wakaubana mkono wangu wa kulia juu ya daftari. Dharmbir akashika kidole cha shahada, akakikunja kinyume mpaka kikalia kama muwa mkavu.

"Hiki cha baba. Hiki cha ukoo. Hiki..."

Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema. Damu ya mdomo ilijaa kwenye daftari. Alipomaliza cha nne na kushika dole gumba, kiti cha chuma kikamshukia kisogoni.

Nihal!

Kabla Dharmbir hajainuka, kile kisu cha vitunguu kilishampitia sikio, likabaki linaning'inia. Wenzake wakatazamana, wakambeba, wakapotelea kwenye ngazi.

Hospitalini, mkono ndani ya plasta, nikamwambia, "Umeniokoa, ndugu yangu."

Nihal akanitazama bila kupepesa. "Sikukuokoa wewe. Nimeokoa shahidi."

Nikadhani ni dawa za maumivu zinanichezea.

"Yule K. ni kaka yangu Kuldeep," akasema. "Tuliambiwa katorokea Mumbai. Miaka kumi na saba mama hataki tuhame nyumba, eti Kuldeep akirudi atapotea. Kisu hiki nilikinunua siku niliyosoma jibu lako. Kilikuwa cha kukuchinja wewe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakula nacho sahani moja!

"Mbona... mbona mimi?"

"Kaka, sosholojia tunasoma wote. Pembetatu yenye wino mweusi ni ya nani?"

Nikageuzia uso ukutani.

"Ni ya mchoraji mwenyewe. Na ndiyo uliyoichorea mshale, ukaandika pembeni: mtoto aliyewataja. Nilikuuliza kwa upole. Ukasema ni mfano tu."

Wasomaji wangu, ni mimi.

Baba mkubwa aliniahidi kunipandisha trekta. Nikapanda, nikakaa mbele kwa fahari, na tulipofika shambani nikanyoosha kidole kwenye kibanda cha pampu. Kidole kile kile alichoanza nacho Dharmbir. Bimlesh, aliyenifundisha kuandika jina langu, alinitazama mara moja tu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nihal akaweka kisu kitandani. "Chagua. Useme polisi, au umalizane na mimi."

Kesho yake tukaenda. Nilisema kutwa nzima, nikawataja wote, akiwemo baba yangu mzazi, aliyemshika Kuldeep miguu. Askari akasogeza karatasi nitie saini. Mtu mwenye digrii mbili nikaweka dole gumba, kidole pekee cha mkono wa kulia walichoniachia.

Mfereji ulitoa mifupa kidogo na mkanda wa suruali. Mama yake Nihal aliutambua mkanda. Watu wanne wako ndani, kesi inaendelea, na kijijini kwetu jina langu halitajwi. Siku ya karatasi ya sosholojia nilikuwa kitandani, plasta mkononi.

Nimejifunza nini? Niliandika dhambi ya ukoo mzima kwa herufi, nikajificha ndani ya neno "mtoto", nikapewa alama kumi na tatu. Ukitaka kusema ukweli wa watu wako, anza na jina lako.

Madam alikuwa sahihi, hitimisho lilikuwa dhaifu. Hili hapa lenyewe: waliouawa ni Bimlesh na Kuldeep, na aliyewaonyesha wauaji ni mimi, Ompal.