Foleni ya Shikamoo

Macho yangu yalianza kuingia ukungu polepole, kama ule wa huku milimani mwezi wa saba, ila huu jua lilipopanda haukuondoka. Mwanzoni nilimlaumu mkwe wangu kwamba anabana taa. Nilikuwa nimehamia Mbinga mjini kwa binti yangu, maana kule shambani nilishafika mahali pa kupalilia kahawa nikaondoka na magugu pamoja na miche.

Basi ikaja habari kwamba wako madaktari wa macho hospitali, wametoka mbali, wanatoa mtoto wa jicho, na aliyevuka miaka sitini halipi kitu. Nikaenda. Wakataka barua ya ofisi ya mtaa ya kusema mimi ni mzee. Nikamuuliza muuguzi, mwanangu, si unaniona? Akasema yeye ananiona vizuri sana, lakini faili halina macho. Nami nilivyo mzito wa kuanza jambo, nilipofika ofisi ya mtaa ilikuwa siku ya mwisho ya wale madaktari. Jioni wanapanda gari lao.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, na benchi liko nje. Binti yangu alinisomea tangazo la ukutani, kwamba mzee apishwe kwanza, kisha akaenda zake sokoni. Tangazo zuri. Taabu ni kwamba asubuhi ile benchi zima lilikuwa la wazee. Kila mmoja alikuja kupishwa na wa kupisha hakuwepo. Tukaanza kununiana. Ndipo bibi mmoja, mwenye sauti ya watu waliozoea kuanzisha nyimbo kanisani, akatoa shauri: tuamkiane. Atakayetoa shikamoo akae nyuma ya atakayeipokea, basi.

Likapendeza. Mzee mmoja alijaribu kunyamaza ili aamkiwe yeye, tukamwacha anyamaze mpaka akachoka akaamkia mwenyewe. Mimi nikasogea, nikasogea, mpaka nikakaa karibu na mlango kabisa. Sikuwahi kuufurahia uzee wangu kama siku ile.

Mara nikasikia kikohozi ninachokijua. Mjomba wangu.

Hapa nieleze kidogo. Mama yangu alikuwa kifungua mimba kwao Ngumbo, ziwani. Akaolewa huku juu, akanizaa mimi wakati mama yake naye bado anazaa. Huyu mjomba ndiye kitinda mimba, alikuja duniani mimi nachunga mbuzi. Siku hizi anauza dagaa wakavu sokoni na amejenga mtaa uleule wa binti yangu. Kwa miaka ni mdogo wangu, lakini mjomba ni mjomba, hata akiwa bado ananyonya. Ningeweza kukaa kimya, pale hakuna aliyetujua. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Benchi zima likageuka. Yule bibi akasema sheria ni sheria, babu, sogea. Nikasogea. Mjomba akakaa penye joto langu, akawaambia watu kwamba kijana huyu ana adabu, amemlea mwenyewe kwa taabu sana, maana watu wa milimani wakiachiwa watoto huwafundisha kula maharage tu. Wakacheka mpaka wale wa milimani.

Mlango ukafunguka, akatoka mtendaji wa mtaa, binti wa umri wa wajukuu zangu. Akasema ameitwa kikao halmashauri ghafla, atasikiliza mmoja tu, wengine tumsamehe, kesho. Kesho madaktari wangekuwa njiani, na mimi ningebaki na ukungu wangu mpaka siku wakumbuke tena kuja. Nikamnong'oneza mjomba shida yangu, kwa Kinyasa cha mama. Yeye alifuata barua ya kuombea umeme, na majirani alishawatangazia kwamba wiki hii atawasha.

Akanishika mkono, akanivuta. "Mjomba haingii mahali akaacha mtoto nje," akasema.

Mtendaji akauliza mwenye shida ni nani. Mjomba akanionyesha mimi. Mtendaji akataka kitambulisho changu cha taifa. Nikamweleza kwamba mashine ilikataa vidole vyangu, jembe limekula alama zote. Cheti cha ubatizo kililiwa na mchwa. Akashika shavu. Sasa nani anaujua umri wako, babu?

"Mimi, mjomba wake," akasema mjomba, akatoa kitambulisho chake. Mtendaji akakitazama, akasema hiki kinaonyesha wewe umevuka sitini, lakini yeye?

"Yeye alikuwa ananibeba mgongoni."

"Mpwa alimbeba mjomba?"

"Tena akaniangusha mtoni, akachapwa na mama yangu." Akapandisha suruali, akaweka goti karibu na meza. "Kovu hili hapa. Sasa niambie, mama, aliyebebwa na aliyebeba, nani mkubwa?"

Binti alicheka mpaka mhuri wa kwanza ukatua pembeni, akagonga mwingine. Alipomuuliza mjomba naye alifuata nini, mjomba akasema yake ni ya umeme tu, giza amelizoea. Lakini ndani ya bajaji, mpaka tunafika hospitali, alinung'unika kuhusu giza hilohilo.

Wakanitengeneza jicho moja mchana ule. Asubuhi yake muuguzi akafungua bandeji, na cha kwanza nilichokiona ni mjomba amekaa mbele yangu kwenye kiti. Nikamtazama sana. Uso umejaa mikunjo kama wangu, lakini kichwa cheusi ti, weusi uliovuka nywele ukateremka mpaka kwenye ngozi ya masikio.

"Mjomba," nikamwambia, "kumbe unapaka piko."

Akatazama mlangoni kama kuna aliyesikia.

"Ningejua," akasema, "ningeingia mle ofisini peke yangu."