Mto Uliopimwa Wakati wa Kiangazi

Katika miaka ya sabini, soko letu la kusini mwa Kitui lilikuwa ukingoni mwa mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka haukuwa na tone la maji juu ya uso wake. Ulikuwa mchanga mtupu, mpana, na katikati yake akina mama walichimba shimo, wakalizungushia miiba ili mbuzi wasilivamie, wakachota maji kwa kibuyu. Mvua zikinyesha milimani, mto huo huo ulishuka bila kubisha hodi, mara nyingine jua likiwaka juu ya vichwa vyetu, ukajaa kutoka ukingo hadi ukingo, kisha ukarudi kuwa mchanga. Hakuna aliyezaliwa pale asiyelijua jambo hilo. Nalisisitiza kwa kuwa yaliyofuata hayawezi kusamehewa kwa kisingizio cha ujinga.

Halmashauri ya wilaya nayo ilikuwa na kanuni yake. Mwenye kiwanja sokoni hakuruhusiwa kujenga nyumba ya mawe pasipo kibali, na kibali hakikutolewa kwa jengo lililo ndani ya futi mia moja kutoka mtoni. Kanuni yenyewe ilikuwa njema. Ilirithiwa kutoka kwa watu ambao mito yao ilikuwa na maji mwaka mzima, kwa hiyo haikujisumbua kueleza mto unaanzia wapi. Kazi hiyo iliachiwa akili za wakaguzi, nako kulikuwa kuzikweza mno akili hizo.

Dada yangu mkubwa, mjane na mshonaji, alikuwa na kiwanja upande wa chini, karibu kabisa na ukingo. Alitaka kujenga chumba cha cherehani mbele na viwili vya kulala nyuma. Mawe alikuwa ameshayakusanya, na hakuwa na namna ya kupata mengine. Mimi nilikuwa nikifundisha katika shule ya sekondari iliyokuwa jirani, nikamshauri aombe kiwanja cha juu, kando ya barabara.

"Mwana wa mwaitu," akanijibu, kama sisi Wakamba, ambao mama kwetu ni mwaitu, tumwitavyo ndugu wa tumbo moja, "huko juu nani atapita? Wote wanapita hapa wakienda kuchota maji. Kama sheria inakataa, wakubwa wataniambia."

Wakubwa wakaja, katikati ya kiangazi: afisa wa afya aliyevaa soksi nyeupe hadi magotini, na diwani wetu, ambaye kiwanja chake kilipakana na cha dada. Afisa alikuwa na tepu ya kupimia. Alisimama ukingoni, akautazama mchanga kwa muda, akauliza mto uko wapi.

"Si huu ulio mbele yako, bwana afisa?" nikasema.

"Mwalimu, hapa hakuna mto. Hii ni mchanga."

Diwani akampigia kelele mama aliyekuwa ameinama shimoni. "Mwaitu! Mto iko wapi?"

"Kwani hamna macho? Si hii nachota!"

"Umesikia?" diwani akamwambia afisa. "Mto iko pale."

Basi mtu mzima, mwenye cheti na mshahara, akateremka mchangani na soksi zake, akamshikisha diwani ncha ya tepu kwenye miiba ya lile shimo, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kiwanja cha dada yangu. Futi mia moja zilitimia kabla hajaufikia hata ukingo. Nilimwuliza kama mto utakuwa umehama iwapo mama yule atachimba kwingine kesho. Nikamwonyesha kwamba, kwa kipimo chake, mtu angeweza kupewa kibali cha kujenga juu ya mchanga wenyewe.

"Hayo ni maswali ya vitabu," akajibu. "Sheria inasema kutoka mtoni. Mto ni maji."

"Huyu mwalimu amesoma mpaka anaogopa kuzama kwa mchanga!" akasema diwani, na akina mama wakaangua kicheko. Dada yangu naye akacheka, yeye aliyekuwa na nyumba ya kupoteza. Baadaye aliwachinjia kuku. Walimla kwa bidii ambayo sikuiona katika upimaji.

Kibali kilitoka, nyumba ikajengwa, na kwa mwaka mmoja diwani hakukosa kunikumbusha kwamba ingali imesimama. Mimi sijapata kumdharau asiyejua kusoma. Dharau yangu nimewawekea waliofundishwa kusoma kwa gharama ya wengine, kisha wakaridhika na nusu ya sentensi.

Mvua za Novemba zilipokolea milimani, mto ulishuka asubuhi ya Jumapili, dada akiwa kanisani. Ukaula ukingo, ukaondoka na chumba cha cherehani pamoja na nusu ya kilichofuata. Diwani hakupoteza kitu. Kiwanja chake hakuwa amekijenga. Afisa alifika kesho yake, maji yangali mengi, akapima kutoka yalipokomea, akatangaza kwamba jengo limo ndani ya mto na kwamba mwenye kiwanja ayaondoe mabaki.

"Lakini si wewe ulinipa kibali?" dada akamwuliza.

"Mama, wakati ule mto haikuwa hapa."

Dada yangu aliyaondoa mawe yaliyosalia, akajenga chumba kimoja cha udongo kando ya barabara, akaazima cherehani ya kanisa, na akashona humo hadi macho yalipomshinda.