Ukame ulikausha earth ya mashine ya kichwa, na dadangu akaambiwa angoje mvua

Wakuu, salamu. Kuna mtu hapa jana alicheka ati waya wa earth, ule wa kupeleka stima ardhini, ni urembo tu. Wacha niwaambie yaliyotupata, sina sababu ya kudanganya.

Ni miaka ya themanini, ule ukame mbaya. Kwetu ni Tawa. Dadangu Mwende alikuwa na kifafa. Shule ilimrudisha nyumbani, kanisani wakamwombea mpaka wakachoka.

Tukasikia hospitali fulani Kitui imeletewa mashine ya kupima umeme wa ubongo. Tukaenda, mama, mimi na Mwende, na mtungi wetu wa maji ya kunywa, maana huko pia maji yalikuwa shida.

Fundi akambandika nyaya kichwani. Moja ya sikio, reference, ya kulinganisha na zile zingine. Moja ya paji la uso, ndiyo ground, inayoungana na earth ya mashine.

Kalamu za mashine zikachora weusi mtupu, karatasi nzima. Akahamisha ya sikio. Wapi.

Akatupeleka nyuma ya ukuta. Chuma cha earth kilikuwa kimezikwa hapo, na udongo umekauka mpaka ukapasuka.

"Stima ya nyumba inaingia kwa mashine na haina pa kwenda," akasema. "Udongo ukilowa, itatulia."

Mama akamwaga mtungi wote. Mzee mmoja wa foleni akamuuliza, "Mwaitu, mama yetu, sasa unanywesha chuma?"

Kalamu zikatulia kidogo. Tukaona mawimbi ya kichwa cha Mwende, madogo madogo, na mimi nikalia. Halafu udongo ukanywa yote, weusi ukarudi.

Daktari akasema hawezi kuandika dawa kwa karatasi kama hiyo. Turudi mvua ikinyesha.

Tukangoja.

Mwende alishikwa na kifafa akichota maji kwa shimo la mchanga mtoni, peke yake. Maji yenyewe hayakufika magoti.

Mvua ilinyesha matanga yake yakiwa bado hayajaisha. Yule fundi, mtu mzuri sana, akatuma neno kupitia mchuuzi wa soko: mashine iko sawa sasa, mleteni msichana. Mama aliweka mtungi nje ukajaa, akaumwaga. Akauweka tena.

Wakuu, kifafa hakingoji karatasi. Mkinyimwa dawa mahali, nendeni kwingine siku hiyo hiyo. Sisi tulitii, na mpaka leo inaniuma.

Kama uko na mgonjwa nyumbani ameambiwa angoje, andika hapa chini. Usilale kabla hujaandika.