Hezkel Shabo na Baraka ya Saba

Sinagogi yetu iko chini ya jiko langu. Jengo letu hapa Katamonim, mtaa wa Yerusalemu, lina ghorofa nne, na kwenye ile ya chini kabisa, ambayo zamani ilikuwa stoo ya baiskeli, watu wameweka mabenchi, kabati la Torati na feni moja ya kelele. Kiangazi madirisha yote hukaa wazi, na nikichungulia kutoka juu naona viti vya dirishani. Nikisimama kwenye sinki na mwanangu Tamari kiunoni, nasikia kila Amina na kila chafya, na namsikia Menashe, mtunza sinagogi, akifoka ni nani tena kaacha simu wazi.

Mzee Hezkel Shabo tunatazamana naye mlango kwa mlango. Alikuwa fundi wa friji mpaka magoti yalipomkatalia kupanda ngazi za watu. Friji yangu aliitengeneza akiwa amelala chali sakafuni na kahawa kifuani, akaitukana kwa Kikurdi mpaka ikawaka. Katika kusali alikuwa anaongoza Katamonim nzima kwa mbio. Wenzake wakiwa bado wanapasha koo, yeye ameshamaliza na anakunja shali yake ya sala.

"Maneno yenyewe Mungu anayajua," alikuwa akisema. "Mimi nampitishia tu, kama mtu anayeonyesha kitambulisho getini."

Halafu likaja jambo la Smadar, binti yake. Smadar aliondoka kwa mumewe, Avner, kwa sababu alizonieleza tukianika nguo, na sababu hizo zitabaki kwenye kamba ile ile. Kwetu mwanamke hawi huru mpaka mume amwekee hati ya talaka mkononi, na aitoe kwa hiari yake. Avner hakutaka. Hakuwa na mwanamke mwingine, wala hakumtaka huyu arudi. Alikuwa hataki tu. "Akichoka atanipigia magoti," aliwaambia watu. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Smadar akarudi kulala katika chumba chake cha utoto, chini ya picha za farasi, naye ameshatimiza thelathini.

Na Avner aliendelea kusali pale pale chini ya jiko langu, kwenye kiti cha dirishani, mbele tu ya kiti cha Mzee Hezkel. Hezkel mwenyewe ndiye aliyempa kiti hicho siku za harusi, kwa majivuno ya kuwa na mkwe mbele ya macho yake. Kila mtu kwetu ana mahali pake pa kusalia, na kumhamisha mtu ni kama kumng'oa jino.

Sabato moja alasiri Rabi Pinhas alikuwa akifundisha juu ya ile sala tunayosali kila siku tumesimama. Akafika baraka ya saba, ile ya kuomba ukombozi. Akasema watu wengi hudhani hapo tunamwomba Masihi. Sivyo, Masihi na Yerusalemu vina baraka zao huko mbele. Ya saba imewekwa baada ya msamaha na kabla ya uponyaji kwa sababu ni ukombozi wa shida za kila siku, zile zinazomkuta mtu sasa hivi, hapa hapa alipo.

"Shida kama zipi, Rabi?" akauliza Hezkel. Nikaacha kuosha vyombo. Hezkel hakuwa na desturi ya kuuliza. Saa za mafundisho yeye husinzia.

"Ugomvi. Mtu anayekuonea."

"Mkwe?"

Wanaume wakacheka. Avner akatazama feni.

"Hata mkwe, ikibidi," akasema Rabi.

"Na mtu anaruhusiwa kuongeza maneno yake mwenyewe hapo?"

"Anaruhusiwa. Kwa kiasi."

Neno hilo la mwisho nadhani Hezkel hakulisikia. Masikio yake yameliwa na mashine za friji.

Kesho yake asubuhi akaanza. Sala ya kusimama husaliwa kwa kunong'ona, lakini mnong'ono wa Hezkel ni mazungumzo kwa watu wengine. "Bwana, tazama shida yetu," nilimsikia. "Nikisema yetu, sisemi ya Wayahudi wa dunia nzima, hao wana wasemaji wao. Nasema ya Smadar. Masihi asikimbie kwa ajili yangu, amalize kahawa yake kwanza. Mimi nataka karatasi moja tu." Akaendelea. Alimweleza Mungu tabia za Avner tangu uchumba, soksi zake, na namna anavyokula mbegu za alizeti na kutemea kwenye vyungu vya maua vya watu. Alipochoka alinyamaza, akavuta pumzi, akaanza upya.

Sasa, sheria yetu ni hii: ukimaliza kusali unarudi hatua tatu nyuma. Lakini kama nyuma yako mtu bado anasali, hurudi. Unasimama pale pale, miguu pamoja, mpaka yeye amalize. Na nyuma ya Avner alikuwa Hezkel.

Avner ni mtu wa kushika sheria. Nyama na maziwa anavitenga hata ndotoni. Kurudi nyuma mbele ya mtu anayesali? Hathubutu. Kumfunga mwanamke wa watu miaka mitatu? Hilo bado alikuwa analifikiria.

Kwa hiyo alisimama. Nje, gari lake la mikate lilikuwa limezuia kichochoro, maana alizoea kuingia na kutoka. Honi zikaanza. Simu ikamtetemeka mfukoni kama kifaranga, wenye maduka wanauliza mikate iko wapi. Akasimama tu, na shingo inazidi kuwa nyekundu.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Menashe akamfuata Avner ngazini. "Hama kiti, ndugu yangu, yaishe."

"Nihame mimi? Ahame yeye anayeomba kama anasoma kitabu cha simu!"

Rabi Pinhas naye akapanda hadi mlangoni kwa Hezkel. Bi Nazima, mke wa Hezkel, akamletea chai, na mimi nikakumbuka ghafla kwamba natakiwa kufagia korido.

"Hezkel, sala si kabari ya kuzuia mlango."

"Ulisema mwenyewe, Rabi. Shida za kila siku."

"Nilisema kwa kiasi!"

"Na yeye umemwambia nini?"

Rabi akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Nimemwambia mara nyingi. Hanisikii."

"Basi mwache asikie kwa mgongo."

Ijumaa ndiyo iliyoleta makubwa. Ijumaa gari la Avner hubeba mikate ya Sabato, ile iliyosukwa, na harufu yake ikapanda mpaka jikoni kwangu. Hezkel alikuwa amefika kwenye habari za vyungu vya maua. Nyuma ya gari la mikate kulikuwa na gari la taka, na nyuma ya gari la taka dereva mmoja alikuwa akitukana ukoo wa kila mtu. Wanawake wakashuka na mifuko yao. Mbele alikuwa Bi Juliet wa ghorofa ya pili, Mmoroko, mwenye sauti ya kusimamisha saa.

Akaingiza kichwa dirishani mwa sinagogi. "Avner! Mikate yetu inachoka humo ndani!"

"Nyamaza, mama, watu wanasali!" akasema Menashe.

"Huyu hasali, huyu amekwama! Avner, mpe binti wa watu talaka yake utoke!"

Mtu ambaye hajarudi hatua zake tatu bado yumo katikati ya sala, na hasemi. Ananguruma tu. "Mmm!" akasema Avner.

"Mmm ndiyo au mmm hapana?"

"Mmm!"

"Kama ni ndiyo inamisha kichwa. Kama ni hapana, sisi tuna siku nzima. Samaki wangu wameshaiva."

Nilimwona kutoka juu, kipara chake kinang'aa jasho kuzunguka kofia. Kisha kikashuka mara moja, kikapanda. Wanawake wakapiga vigelegele, na Tamari, ambaye hajui lolote, akapiga makofi. Hezkel hakufumbua macho, ila nilimsikia akitoka kwenye ukombozi na kuingia uponyaji kwa mwendo wake wa zamani.

Avner alipotoka walikuwa wameshika milango yote ya gari. "Jumatano," akasema. "Mahakama ya marabi. Sasa niacheni nifanye kazi."

Nilidhani Hezkel atacheza. Jioni ile alikuja kwangu na uso wa mgonjwa. Rabi alikuwa amemwonya: talaka ya kulazimishwa ni batili. Mahakamani watamuuliza Avner, na akisema amelazimishwa, Smadar atarudi chini ya zile picha za farasi, na safari hii pengine milele. "Nimemharibia mwanangu kwa mdomo wangu," akasema. "Wewe nenda naye, binti yangu. Mimi wakiniona ndani itakuwa ushahidi."

Nikaenda, na Tamari mgongoni. Hezkel alibaki kwenye benchi la korido, kofia magotini. Ndani walikuwa marabi watatu, ndio majaji, na mwandishi, na hati imeshaandikwa, wino bado unang'aa. Smadar alikuwa amenishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

"Unatoa kwa hiari yako?" akauliza jaji mkubwa. "Hakuna aliyekulazimisha?"

Nikamwona Avner anatazama mlango, anamtazama Smadar, halafu akakaza taya. "Yupo," akasema. "Baba yake."

Smadar akafumba macho.

"Alikupiga?"

"Hapana."

"Alikutishia?"

"Hapana."

"Alifanya nini, basi?"

Avner akasugua shingo. "Alisali."

Majaji wakatazamana. "Na wewe ulifanya nini?"

"Nilingoja amalize."

Jaji mdogo akainama ghafla kutafuta kitu chini ya meza, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mkubwa akajitahidi kubaki na uso wa jaji. "Unataka tuandike hivyo? Kwamba Avner Hodeda alilazimishwa na mzee kwa kumwomba Mungu?"

Nadhani hapo ndipo alipojiona mwenyewe kwa mara ya kwanza, na mtaa mzima ukimcheka hadi uzeeni.

"Usiandike," akasema. "Hakuna aliyenilazimisha. Natoa kwa hiari yangu."

"Kwa moyo mmoja?"

"Kwa moyo mmoja! Nimechelewa kazini."

Smadar akakinga viganja viwili. Avner akaidondosha hati ndani yake. Akaiweka kwapani kama inavyotakiwa, akatembea kuelekea mlangoni, kuonyesha kwamba sasa ni mtu wa nafsi yake. Alipoufungua, baba yake alisimama na kofia ikaanguka chini. Yule mzee aliyempigia Mungu domo asubuhi zote zile alifungua kinywa kisitoke kitu. Smadar akacheka, halafu akalia, halafu akaniomba Tamari ampakate.

Avner akatoka nyuma yetu, akakuta korido nyembamba na Hezkel kasimama katikati. Wakatazamana. Hezkel akajibana ukutani, akavuta tumbo ndani.

"Pita, bwana," akasema. "Leo mimi nimeshamaliza."