Wa Nyuma, Mko?

Kibuyu nilikikuta nyuma ya mlango wa jikoni, kimening'inia kwa mkanda wake wa ngozi. Nilikuwa nimetoka Bomet, ninakofanya kazi, kuja kufungua madirisha ya nyumba ya kogo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, huko upande wa Sosiot. Nikakifungua, nikakiweka puani. Rafiki yangu, kama umelelewa kwa mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, sina haja ya kukueleza. Niliketi kwenye kigoda chake nikalia kama mtu aliyefiwa jana, na kogo amezikwa miaka mingi.

Nikaamua nitatengeneza mursik, hata kama ni mara moja tu. Sasa, kibuyu husafishwa kwa kijiti cha senetwet, kile kichaka cha maua ya manjano. Unakichoma, unakizungusha ndani kikiwa na moto hadi kuta ziwe nyeusi. Mti mwingine haufai. Binamu yangu aliwahi kutumia mkaratusi kwa uvivu, na maziwa yakanuka dawa ya kikohozi. Kogo alitulazimisha tuyanywe yote, tena kwa adabu.

Nilimuuliza jirani, mama aliyekuja zamani kutoka upande wa ziwa kuchuma chai na akazeekea hapa.

"Hiyo miti ilitolewa yote, watu wakapanda majani chai mpaka kwa fence," akasema. "Labda huko kwa maporomoko. Unaenda na nani?"

Nikamwambia naenda peke yangu. Akanifungia viazi vitamu kwenye gazeti.

Huko kwenye maporomoko ya maji ndiko kogo alikokuwa akitupeleka kila likizo ya Desemba, wajukuu wote, safari ya kutwa kuelekea kaskazini. Tulianza kwa kukatiza mashamba ya chai na umande unatulowesha hadi kiunoni. Wachumaji walikuwa tayari kazini, vikapu mgongoni, wakitutania kwa mbali kwamba kogo anapeleka mbuzi sokoni. Baada ya chai ulikuja msitu, na hapo utani uliisha. Kogo alitangulia na panga lake, wakubwa wakafuata, na mimi kitinda mimba nikawa wa mwisho kabisa.

Njia ilikuwa nyembamba na yenye kona, humwoni anayeongoza. Kwa hiyo kogo alikuwa akiita bila kugeuka, "Wa nyuma, mko?" Na sheria yake ilikuwa kwamba anayejibu ni wa mwisho peke yake, kwa sababu huyo akiwepo, wote wapo. Nami nilijibu kwa sauti yangu yote, "Tuko wote!" Sijawahi kupewa cheo kikubwa kama kile, hata huko ofisini.

Siku moja nilichutama kutoa mwiba, na binamu akajibu kwa niaba yangu. Kogo aliijua sauti. Alisimamisha msafara, akarudi akitupita mmoja mmoja hadi akanifikia, akanigusa kichwa. Kisha akamwambia binamu polepole, "Sikukuuliza wewe. Nimeuliza wa nyuma."

Safari hii nilikatiza chai ile ile bila kutaniwa na mtu. Mashine inavuna sasa, inashikwa na wanaume wawili walioziba masikio. Sehemu kubwa ya msitu imekuwa mikaratusi, imepangwa kwa mistari, na chini yake haimei hata nyasi ya maana. Nilikula viazi vya jirani nikiwa nimesimama. Nilikuwa mpweke, nakuambia kweli, hata nikawa nakohoa makusudi ili nisikie mtu.

Lakini maporomoko yapo, yanavuma vile vile, na kando ya maji, senetwet imechanua. Nilifurahi kama mtoto. Nikakata fito za kutosha, nikazifunga kwa kamba, na nilipozibeba begani ndipo nikajiuliza nani atayanywa hayo maziwa. Wanaowekewa mursik ni watu wanaorudi nyumbani. Binamu wa mkaratusi yuko Doha. Wengine wako Nairobi, simu hawashiki. Kaka yetu mkubwa amelala kando ya kogo.

Nikaanza kurudi. Kwenye kona ya kwanza nikajikuta nimesimama, nimetega sikio, nasubiri kuitwa. Hakukuwa na wa kuniita, kwa kuwa mbele hapakuwa na mtu. Basi nikaita mwenyewe, "Wa nyuma, mko?"

Maji yakaendelea kuvuma. Sheria ni sheria, na wa nyuma alikuwa mimi, kwa hiyo ilinibidi nijibu. Ila "tuko wote" ilikataa kutoka.

"Niko," nikasema, nikapanda mlima na fito zangu.